Mama anatakiwa kubadilishwa nyonga, dalali anasema kuna "tundu dogo" India. Wenye uzoefu njooni

Kijana wa Makorora

Wakuu, habari za jioni.

Mama yangu ana miaka 66, mwalimu mstaafu, anaishi Tanga. Mwaka wa pili huu analia na goti la kulia. Tumelichoma sindano, tumelipaka kila kinachopakwa, tumelinunulia soksi ya kubana, goti liko palepale. Mwezi uliopita tukaangukia kwa daktari kijana, nadhani bado yuko mafunzoni, na yeye hilo goti hata hakulijali. Alimlaza mama chali, akamkunja mguu, akausukuma unyayo kwenda nje. Mama alipiga ukelele mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Dokta akasema, "Mama, goti lako zima. Mgonjwa ni nyonga." Eksirei ikathibitisha: ile nafasi kati ya kichwa cha mfupa wa paja na kikombe chake imekwisha, mfupa unasaga mfupa.

Bingwa tuliyepelekwa kwake kasema dawa ni kubadilisha nyonga nzima, na kwamba yeye hupitia nyuma. Hapo ndipo kundi letu la WhatsApp la familia lilipowaka moto. Kaka kampata dalali wa safari za matibabu, kamtumia video: "tundu dogo, hakuna msuli unaokatwa, siku ya tatu mgonjwa anapanda ngazi." Bei ni kama mara tatu ya hapa, na tiketi za watu wawili bado. Kaka anasema mama si wa kufanyiwa majaribio. Dada anasema dalali ni dalali tu hata akivaa koti jeupe.

Mama mwenyewe ana swali moja na hajapata wa kumjibu: ataweza tena kukaa kwenye mbuzi akune nazi?

Natanguliza shukrani.

Fundi Bomba

Nimevuta kigoda. Kahawa ninayo, kashata nakuja nayo.

Mzee wa Majani

Kijana, kabla hamjauza kiwanja. Kuna mafuta ya kondoo ukiyachanganya na mizizi fulani, mgonjwa akachuliwa siku 21 mfululizo, nyonga inarudi. Wazee wetu hawakuwekewa vyuma na walitembea.

Bi Tausi

Mzee wa Majani, shikamoo, lakini hapa nitakuvunjia heshima kidogo. Baba yangu aliteleza bafuni, shingo ya mfupa wa paja ikavunjika. Kijijini wakasema ni mshtuko wa msuli, akachuliwa miezi minne. Miezi minne mzee anakandwa mfupa uliovunjika! Alipofikishwa hospitali mguu ulishakuwa mfupi na vidonda vya kulalia anavyo. Wazee wetu waliotembea tunawakumbuka, wale waliobaki ndani na mkeka wao hatukuwahesabu.

Mzee wa Majani

Marahaba mwanangu. Sikusema wa kuvunjika, nimesema wa kusagika.

Dokta wa Zamu ya Usiku

Nipo zamu, kumetulia, ngoja niandike kwa kirefu. Mimi niko upande wa mifupa, bado si bingwa. Mgonjwa wa mtu siwezi kumtibu mtandaoni, lakini maneno ya dalali naweza kuyafungua.

Kwanza tulifukuze hilo neno "tundu". Matundu ni ya kutoa kifuko cha nyongo kwa kamera. Nyonga haibadilishwi kwa kamera. Kichwa cha mfupa tunachokitoa, kwa mama wa kawaida, ni kama milimita 45, chukulia ndimu kubwa. Kikombe cha chuma kinachoingia kinakaribia milimita 50. Kitu cha ukubwa huo kitapita tundu gani? Huo upasuaji wanaouita wa jeraha dogo ni mkato wa sentimita 8 mpaka 10 hivi, mahali ambapo zamani tulipasua 20, hata 30. Ni tofauti nzuri. Ila maumivu mengi ya nyonga hayatoki kwenye ngozi, yanatoka chini yake. Unaweza kupasua ngozi sentimita 8 halafu ukaivuta kwa vyuma mpaka ikachubuka, na ndani ukaharibu kuliko aliyepasua 15 akaona vizuri anachofanya.

Kwa hiyo swali la maana si urefu wa mkato, ni mlango. Nyonga ina milango mitatu mikubwa.

Wa nyuma ndio unaotumiwa na wengi duniani. Unapita kwenye msuli mkubwa wa tako kwa kuuachanisha nyuzi zake bila kuukata, kisha unakutana na vijisuli vifupi vinavyozungusha paja. Hivyo vinakatwa pale vinapoungana na mfupa, na mwishoni vinashonwa kurudi mahali pake pamoja na mfuko wa kiungo. Zamani wengi hawakuwa wanavishona, na nyonga zilikuwa zinachomoka kwa nyuma. Sifa mbaya ya mlango huu imetokana sana na enzi hizo.

Wa pembeni unagusa misuli inayoshikilia kiuno kisilale unapotembea. Kuchomoka ni nadra, lakini wapo wanaobaki wanachechemea kwa sababu ule msuli haukupona vizuri.

Wa mbele ndio wa video za dalali. Unapita katikati ya misuli miwili, unaisogeza kando bila kuikata. Hapo hajadanganya. Alipodanganya ni kuufanya kitu kipya. Mjerumani Hueter aliuandika mlango huu mwaka 1881. Robert Judet, Paris, aliutumia kuweka nyonga bandia mwaka 1947. Hiyo ni miaka 15 kabla Mwingereza John Charnley, pale Wrightington, hajaanza kuweka nyonga yake ya chuma kinachocheza ndani ya plastiki ngumu, mwaka 1962, ile ambayo nyonga zote za leo ni wajukuu zake. Mlango ni wa kizamani. Vipya ni vifaa, meza maalumu inayovuta na kugeuza mguu, na matangazo.

Matangazo yamewahi kutuponza. Miaka ya mwanzo ya 2000, Marekani, iliibuka njia ya mikato miwili midogo, mmoja wa kuwekea kikombe, mwingine wa kuingizia shina la chuma la kiungo bandia ndani ya mfupa wa paja. Wagonjwa wakarudi nyumbani siku hiyohiyo, magazeti yakashangilia. Wapasuaji wengine walipoijaribu na kuilinganisha na njia za kawaida, ile nafuu iliyotangazwa hawakuiona, ila mifupa ya paja ilipasuka mezani na mishipa ya fahamu iliumia. Leo waliobaki nayo ni wa kutafuta kwa tochi.

Turudi mlango wa mbele. Wanaopitia huko, kwa wastani, wiki za mwanzo wanatupa magongo mapema kidogo. Ikifika miezi mitatu mpaka sita ukiwasimamisha na wa nyuma, huwezi kuwatofautisha kwa mwendo. Na una gharama zake: ganzi kwenye ngozi ya paja kwa nje, kwa sababu kuna mshipa mwembamba wa fahamu unapita hapohapo. Mfupa wa paja kupasuka wakati wa kuingiza shina, hasa kwa mpasuaji anayejifunza. Na kwa mtu mwenye kitambi, mshono uko kinenani, tumbo linaulalia, panatoka jasho, kidonda kinachelewa kukauka. Wapasuaji wenyewe wanakubaliana kwamba njia hii ina mlima wa kujifunza, unahitaji wagonjwa 50 mpaka 100 ndipo mkono utulie. Sasa usitake mama yako awe wa 12.

Bingwa wenu anayepitia nyuma kila wiki kwa miaka kumi ni salama kuliko aliyejifunza mlango wa mbele juzi kwa sababu wateja wanauulizia. Mimi mama yangu ningempeleka kwa mkono uliozoea, mlango auchague yeye.

Nimeitwa. Ntarudi.

Wakala Mwaminifu

Habari mtoa mada, tunazo ofa za nyonga bila maumivu, njoo PM.

Fundi Bomba

Dalali kawahi kufika kuliko gari la wagonjwa.

NyongaMbili

Jina langu linajieleza. Mimi ni mgonjwa wa selimundu toka utotoni. Kwa wasiojua, chembe zetu zikijikunja zinaziba vijimishipa vinavyolisha kichwa cha mfupa wa paja, kinakufa, kinabonyea kama yai lililochemshwa likakanyagwa. Huku kwetu nyonga bandia si kitu cha wazee tu kama Ulaya, kwenye foleni ya kliniki utakuta vijana wengi tu.

Ya kushoto niliwekewa nikiwa na miaka 29, mlango wa nyuma, mshono mrefu kama kiganja na nusu. Ya kulia nikiwa na 33, nchi nyingine, mlango wa mbele, mshono unafichwa na simu. Nitasema nilichokiona bila kupendelea.

Ya pili iliuma kidogo zaidi ya kuumwa na nyuki, ya kwanza niliita majina ya mababu. Lakini ngoja. Ya pili nilichomwa ganzi ya mgongo na wakanichoma dawa nyingine kuzunguka kiungo kabla hawajafunga. Ya kwanza sikufanyiwa hivyo. Sasa nafuu niisifie njia au niisifie sindano? Sijui mpaka leo, na anayejua kwa uhakika anauza kitu.

Siku ya pili nilisimama na fremu ya kutembelea zote mbili. Baada ya miezi minne nilikuwa kazini zote mbili. Leo nikitembea huwezi kujua ipi ni ipi. Tofauti iliyobaki ni moja: paja la kulia, upande wa nje, pana eneo la kama sahani ndogo halina hisia. Simu ikitetema mfukoni siisikii. Nikijikuna ni kama najikuna mguu wa jirani. Hakuna aliyeniambia kabla.

Na wenzangu wa selimundu: kabla ya kuzungumza milango, ulizeni kama wodi ina daktari wa magonjwa ya damu. Nilipangiwa kuongezewa damu kabla, nikapewa maji ya kutosha, chumba cha upasuaji hakikuwa baridi, na oksijeni ilikuwa juu yangu muda wote. Hayo ndiyo yaliyoniokoa, si sentimita.

Bi Tausi

"Anayejua kwa uhakika anauza kitu." Hii naipeleka kundi la kina mama.

Mvita Damu

Mimi niko Mombasa, babangu ana shida iyo iyo. Swali langu, hiki kiungo chadumu miaka mingapi? Na yule mchezaji tenisi Andy Murray aliwekewa akarudi uwanjani, ile ilikuwa ndiyo hii ya jeraha dogo?

Dokta wa Zamu ya Usiku

Mvita, mwaka 2019 jarida la Lancet lilitoa hesabu zilizokusanywa kutoka madaftari ya kuandikishia viungo bandia ya Australia na Finland: nyonga kama 6 kati ya 10 zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Hizo ni za zamani, plastiki ya siku hizi inalika taratibu zaidi. Urefu wa mshono hauingii kwenye hesabu hiyo. Kinachoingia ni kikombe kuwekwa kwa pembe sahihi, na hapo ndipo mpasuaji anayechungulia kwenye kijidirisha kidogo anaweza kukosea.

Murray, Januari 2019, hakubadilishiwa nyonga yote. Alivalishwa kofia ya chuma juu ya kichwa cha mfupa wake mwenyewe. Oktoba mwaka huohuo akachukua ubingwa Antwerp. Cha kuchekesha ni kwamba upasuaji wa kofia kwa kawaida unahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa kile kichwa hukitoi, unakisukuma kando ili ukifikie kikombe. Halafu ile ni chuma kwa chuma, siku hizi inachaguliwa kwa wanaume wenye umri mdogo na mifupa mikubwa. Mama wa miaka 66 hata asioneshwe.

Kuhusu wapi: kwetu MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na hospitali ya KCMC Moshi wanabadilisha nyonga, kwenu hospitali ya Kijabe wana jina. Ukifika popote muulize mpasuaji usoni: mwaka jana umebadilisha nyonga ngapi, unapita mlango gani, zilizochomoka au kuingia usaha ni ngapi. Mzuri hakasiriki, anajua namba zake. Na mkishatoka, ombeni nakala ya zile stika zinazokuja na kiungo, zenye jina na saizi ya kila kipande. Zibandikeni kwenye daftari la mgonjwa. Miaka 15 baadaye anayetaka kubadilisha plastiki iliyolika bila stika anabahatisha kama anayetafuta nati ya baiskeli ya Kichina.

Kijana wa Makorora

Dokta, Mungu akubariki. NyongaMbili pia. Nimemsomea mama uzi mzima. Kasema, "Na mbuzi?"

Mnyoosha Viungo

Mbuzi ni kesi yangu, mimi ni fizio. Miaka kadhaa sasa nawafundisha watu kutembea upya, na maswali ya wagonjwa wa pwani hayamo kwenye vitabu tulivyosomea.

Ukikaa kwenye mbuzi, magoti yanapanda juu ya usawa wa nyonga, mgongo unainama mbele kuifuata nazi. Mtu aliyepasuliwa kwa nyuma ndiyo hasa tunamwambia asifanye, angalau wiki sita hadi kumi na mbili: usikunje nyonga kupita pembe ya mraba, usikunje nne, usigeuze kidole gumba cha mguu kuangalia ndani. Aliyepitiwa mbele ana miiko yake ya kinyume, asipeleke mguu nyuma huku unyayo umegeukia nje. Wapo wapasuaji wanaosema siku hizi hakuna miiko, kwa hiyo fuateni ya wenu.

Sasa vitu ambavyo dalali hawezi kuwaambia. Choo cha kuchuchumaa kwisha, tafuteni kiti cha choo au fundi awatobolee kiti cha plastiki imara kabla mama hajaenda hospitali, msisubiri arudi. Kitanda kiinuliwe kwa matofali mpaka akikaa ukingoni magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Mto katikati ya mapaja usiku. Kuingia kwenye gari, aanze na makalio, siti mmeirudisha nyuma, na juu ya siti wekeni mfuko wa nailoni, ateleze kugeuka bila kujinyonga. Ngazi: kupanda mguu mzima utangulie, kushuka mgonjwa utangulie. Mikeka na mazulia yote sakafuni kunjeni. Nimeona nyonga ya mamilioni ikishindwa na kipande cha zulia.

Sala aswali kwenye kiti. Rukuu hainitishi sana, kinachonitisha ni kukaa tahiyatu, mguu umekunjwa na kupinda. Kuna wagonjwa wangu waliorudi kusujudu chini baada ya muda, kwa ruhusa ya mpasuaji wao, na wengine wamebaki na kiti na wameridhika.

Mbuzi basi: mbuzi isimfuate mama chini, ipande yenyewe. Mpeni seremala.

Mswahili wa Ruwi

Niongeze la kusafiri nje kutibiwa. Sisi tuko Muscat, mama alipasuliwa hapahapa, mlango wa nyuma, mkato mdogo. Jirani yetu alimpeleka wake nje, siku ya kumi akawa kwenye ndege. Alirudi na mguu umevimba, damu imeganda. Mwezi wa pili mshono ukaanza kutoa maji, akawa hana daktari, kila aliyemwendea anamwambia "rudi kwa aliyekupasua." Aliyempasua yuko mbali, mpaka upande ndege, na dalali hapokei simu.

Kijana wa Makorora

Wakuu, nimerudi na mrejesho, najua wengi mlidhani nimepotelea kwa dalali.

Tulimuuliza bingwa yale maswali. Hakukasirika. Alitoa simu akatusomea idadi ya mwaka uliopita, akasema pia ipo moja iliyochomoka na kwa nini. Kaka alinyamaza papo hapo, kikao cha familia kikaishia kwenye korido. Kabla ya tarehe, mama alitakiwa kushusha sukari, akang'oa jino bovu, na siku mbili akaogea sabuni ya dawa.

Kapasuliwa kwa nyuma, kwa ganzi ya mgongo. Anasema alikuwa anasikia nyundo kama fundi yuko chumba cha pili. Tulishapanga wachangia damu watatu, haikuhitajika hata chupa moja. Kesho yake akasimamishwa. Mshono nimeupima kwa rula yake ya kufundishia: sentimita 12. Kumbe nao si ule mkubwa tuliotishiwa.

Siku ya tano tulirudi Tanga kwa gari, kilomita 350 hivi, tunasimama kila saa ashuke atembee kidogo. Wiki ya tatu shavu la mguu likavimba, tukakimbia kupima kwa altrasaundi, damu haikuganda, nikalala usingizi wa kwanza baada ya siku mbili. Stika tumezibandika nyuma ya cheti chake cha ualimu, kwa sababu ndicho kitu pekee asichoweza kupoteza.

Na goti halimuumi tena. Lile goti la sindano nne.

Fundi Bomba

Mbuzi vipi?

Kijana wa Makorora

Wiki ya tisa. Seremala wa mtaa wa pili kachomoa ulimi wa mbuzi, kaufunga kwa skrubu kwenye stuli ya baa, mama anakaa na miguu chini kama yuko ofisini. Nazi mbili jana, kwa mara ya kwanza. Analalamika sinia liko mbali, machicha yanaruka mpaka ukutani, kwa hiyo leo tumelipandisha juu ya ndoo.

Mnyoosha Viungo

Ndoo iwe na mchanga ndani, isiteleze. Na picha tafadhali, nina wagonjwa watatu wanaoihitaji.

Kijana wa Makorora

Picha kakataa mpaka abadilishe kanga. Nitaituma kesho.